Dawa ya 1912 na Hasira za Watoto

Mwaka wa 1912, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari kijana kwa jina Alfred Hauptmann alikuwa hapati usingizi. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa juu ya wadi ya wagonjwa wa kifafa, na usiku kucha aliwasikia wakishikwa na kuanguka kutoka vitandani. Akawapa dawa mpya ya usingizi kutoka kiwanda cha Bayer, iliyouzwa kwa jina Luminal. Nia ilikuwa walale, naye alale. Walilala, sawa, lakini kilichomshangaza ni kwamba hata mchana hawakuanguka kama zamani.

Dawa hiyo ndiyo fenobabitoni. Zaidi ya miaka 110 baadaye, mtoto wa kijijini Kenya akipatikana na kifafa, mara nyingi ndiyo tembe ya kwanza kupewa, kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kitu kingine: kwamba kwa muda mrefu sana mtoto mwenye kifafa akikasirika, akilia ovyo au akipiga wenzake, hakuna aliyeuliza hasira hiyo imetoka wapi. Jibu lilikuwa tayari. Ndivyo walivyo.

Jibu hilo lina wenyewe. Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyekuwa akipima mafuvu ya wahalifu, alifikia kudai kwamba mhalifu wa kuzaliwa na mtu wa kifafa wametoka shina moja. Vitabu vya udaktari vya karne ya 19 vikaeleza "tabia ya kifafa": mtu mgomvi, mwenye kinyongo, asiyeaminika. Sasa kumbuka kwamba siku hizo wagonjwa walikuwa wakinyweshwa bromidi, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka wa 1857. Bromidi ikijaa mwilini humfanya mtu alegee, achanganyikiwe, awe na hasira za karibu, na uso uote chunusi. Halafu daktari anaingia wadini na kalamu yake, anaandika: tabia ya kifafa. Hebu fikiria.

Huko Ujerumani mambo yalifika pabaya zaidi. Julai 1933 Wanazi walipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu wenye magonjwa waliyodai ni ya kurithi, na kifafa kilikuwa kwenye orodha. Miaka michache baadaye walianza kuua watoto walemavu hospitalini, na mojawapo ya dawa walizotumia, kwa dozi za kupita kiasi, ilikuwa Luminal. Ile ile. Hauptmann mwenyewe alikuwa Myahudi. Alifutwa kazi ya uprofesa, mwaka wa 1938 akafungwa katika kambi ya Dachau, kisha akafaulu kutoroka nchi na kuishia Marekani. Sehemu hii kila nikiisoma huwa naweka simu chini kwanza.

Sisi huku Pwani tulikuwa na maelezo yetu. Mtoto mdogo akitetemeka na kukaza mwili, wazee walisema ni dege, au nyuni, neno la kale la ndege: kiumbe kinachopita angani na kumdhuru mtoto. Si sayansi, najua, na kuna watoto waliocheleweshwa kufika hospitali kwa sababu ya imani hiyo. Lakini angalau ndege alilaumiwa ndege. Lombroso alimlaumu mgonjwa.

Aliyehesabu badala ya kubuni alikuwa Michael Rutter, pamoja na wenzake, katika kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, miaka ya 1960. Walichunguza watoto wa shule wa kisiwa kizima. Kwa jumla, kama 7 kati ya 100 walikuwa na matatizo ya hisia au tabia. Wenye magonjwa sugu yasiyogusa ubongo, kama 12. Wenye kifafa bila jeraha jingine la ubongo, karibu 29. Wenye kifafa pamoja na jeraha la ubongo, 58.

Tulia na hizo namba kidogo. Kama shida ingekuwa tu aibu na safari za hospitali, basi watoto wenye magonjwa mengine wangefanana na wa kifafa. Hawakufanana, ubongo wenyewe umo ndani. Na kama hasira ingekuwa ndiyo asili ya mtu wa kifafa, wale 71 waliobaki wameipeleka wapi?

Baadaye ikaja zamu ya dawa kuulizwa. Mwaka wa 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa London uliolinganisha dawa nne kwa watoto. Kati ya watoto 10 wa kwanza waliopewa fenobabitoni, 6 walipata madhara yasiyovumilika, na watafiti wakaiondoa dawa hiyo. Mtu mzima akiimeza husinzia. Baadhi ya watoto huenda kinyume kabisa, hawatulii, hawalali, wanauma. Kusema kweli si wote: utafiti wa Dhaka uliochapishwa 2007 haukuona tofauti kubwa ya tabia kati ya fenobabitoni na kabamazepini.

Hapa nyumbani, utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye kifafa wana matatizo ya tabia, dhidi ya kama robo ya wenzao wasio nacho.

Binamu yangu ana miaka minane. Alipoanza fenobabitoni, kushikwa kulipungua, lakini mtoto aliyekuwa mpole akaanza kurusha viatu na kutukana watu wazima. Shuleni ikawa ni kichwa ngumu, ni viboko, ingawa sheria ilishapiga marufuku viboko. Shangazi akaona ni heri kifafa kuliko hiki kitu, akaisimamisha dawa siku moja. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: fenobabitoni ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa fujo na kisiachie. Kwake kilirudi. Walilala hospitali siku nne.

Muuguzi mmoja pale hakumfokea. Alimwambia anunue daftari la kurasa 32, kila jioni aandike saa ya dawa, kama mtoto ameshikwa, amelala vipi, amekasirikia nini. Baada ya wiki sita daftari lilisema mambo mawili tofauti. Kurusha viatu kulizidi kila dozi ilipopandishwa. Kulia na kujifungia kulikuja siku iliyofuata kushikwa, dozi iwe ile ile au la. Kliniki ikapunguza fenobabitoni polepole huku ikimwanzishia kabamazepini, ambayo shangazi hulazimika kuinunua kwenye kemisti miezi ambayo haipo hospitalini.

Viatu siku hizi viko mlangoni. Kulia bado kupo, siku baada ya kushikwa, na shangazi amemwandikia mwalimu wa darasa tarehe za siku hizo.