Ugonjwa wa Futi Mbili: Wamarekani na Nyumba Zao za Magurudumu

Ni nadra Mmarekani kuzeeka na nyumba ya magurudumu aliyoinunua mwanzo. Huanza na hema, akahamia tela la kukunjua, kisha tela lenye kuta ngumu, kisha kubwa kuliko hilo, kisha gari lenye injini yake na kitanda, jiko na choo ndani. Magoti yakianza kuuma hushuka tena, akaishia kwenye kigari kinachoenea katika maegesho ya dukani. Wenyewe hali hii wameipa jina la mzaha, la aina inayotumiwa pia na wenye mashua: ugonjwa wa futi mbili. Mgonjwa huamini kwamba chombo chake kingekuwa kamili laiti kingekuwa kirefu kwa futi 2 zaidi. Akizipata, huanza kuwaza nyingine mbili.

Ngazi hii haikuchorwa na mtu. Kila kipandio kilizaliwa na kero ya kipandio cha chini yake, na ndiyo maana historia ya vyombo hivi imepita karibu njia ileile anayoipita mnunuzi mmoja katika maisha yake.

Waliotangulia walikuwa matajiri. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha jijini New York gari la fahari ambalo kiti chake cha nyuma kilikunjuliwa kuwa kitanda, beseni la kunawia likachomoza nyuma ya kiti cha dereva, na chungu cha haja kikafichwa ndani. Palikuwa na simu ya kumwagiza dereva, maana mwenye gari la namna hiyo haendeshi mwenyewe. Miaka michache baadaye Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone walizoea kusafiri pamoja kila kiangazi na kulala kwenye mahema, wakifuatwa na wapishi na magari ya mizigo. Kulala porini kwa mtindo huo hakukuhitaji ushujaa mwingi.

Kwa watu wa kawaida mambo yalianza na Ford Model T, gari lililotoka mwaka 1908 na bei yake ikaendelea kushuka hadi fundi na mkulima wakalimudu. Familia zilifunga turubai ubavuni mwa gari, zikalala chini yake na kula vyakula vya makopo. Mwaka 1919, mjini Tampa, Florida, wasafiri wa aina hiyo waliunda chama na kujiita Watalii wa Makopo; alama yao ilikuwa kopo tupu lililofungwa juu ya kifuniko cha rejeta. Walidharauliwa na wenye hoteli, lakini kila majira ya baridi walizidi kumiminika kusini.

Baada ya hema likaja tela la turubai, na hapo ndipo wengi huanzia hata leo. Tela la kukunjua likiwa njiani ni sanduku bapa lenye uzito wa kama tani moja, linalovutwa na gari la kawaida la familia. Likifika kambini, mtu huzungusha mpini pembeni, paa likapanda taratibu kwa nguzo nne; vitanda viwili huvutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, na turubai likatanuka katikati. Watoto hulipenda kupita kiasi. Kero ni mvua. Turubai likikunjwa bichi, siku mbili zinatosha kulifanya linuke uvundo na kuota kuvu, kwa hiyo Jumapili jioni, familia ikiwa hoi kwa safari, baba hulikunjua upya uani ili likauke. Na usiku wa manane, mwenye haja hutafuta viatu gizani na kutoka nje.

Kero hiyo ya mvua ina mtu wake katika historia. Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alikwenda kupiga kambi na familia yake mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwa na tela la turubai lililosifiwa kwamba husimama kwa dakika chache. Mvua ikawanyeshea wakiwa bado wanahangaika nalo. Aliporudi aliagiza atengenezewe sanduku la kuta ngumu, futi 6 kwa 9, lenye vitanda, kabati na jiko. Januari 1930 alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, akiliuza kwa takriban dola 400. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanza kuporomoka, lakini wanunuzi walijitokeza; kufikia 1936 kampuni yake, Covered Wagon, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo.

Wally Byam wa Los Angeles alipanda ngazi hiyohiyo kwa miguu yake mwenyewe. Kwanza alisimamisha hema juu ya fremu ya Model T, likamchosha. Akajenga kibanda kigumu badala yake, akauza ramani zake kwa watu waliotaka kujijengea, kisha akafungua kiwanda. Mwaka 1936 alitoa tela la Clipper, lenye ngozi ya alumini iliyopigiliwa ribiti kama bodi ya ndege, lenye maji yake na taa zake, kwa dola 1,200. Umbo hilo lilimtangulia: Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa ndege ya Charles Lindbergh, ndiye aliyetoa mwaka 1934 tela la alumini lililofungua njia. Lakini jina lililodumu ni la kampuni ya Byam, Airstream.

Katika miaka hiyo mtabiri wa uchumi Roger Babson alisema kwamba baada ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangekuwa wanaishi katika matela. Hawakuishi humo. Hata hivyo, Vita Kuu ya Pili ilipowaleta wafanyakazi kwa maelfu kwenye viwanda vya silaha ambako hapakuwa na nyumba, matela ndiyo yaliyowahifadhi. Baada ya vita biashara ikafika njiapanda. Wanaotaka nyumba ya bei nafuu walihitaji nafasi, na kuanzia 1954 viwanda vikawajengea matela ya upana wa futi 10, yasiyoweza kwenda barabarani bila kibali maalumu. Wanaotaka kusafiri walibaki na futi 8. Tangu hapo, nyumba inayovutwa mara moja na kuachwa ikawa bidhaa moja, na tela la likizo likawa nyingine.

Byam aliwauzia wanunuzi wake tela pamoja na safari. Kati ya 1959 na 1960 aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Kongo iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji, wakaingia Uganda na Kenya, wakaendelea hadi Ethiopia, walikopokewa na Mfalme Haile Selassie, na hatimaye matela yale ya rangi ya fedha yakapangwa kwa duara karibu na piramidi. Kwa wanakijiji waliosimama kando ya barabara kuyatazama yakipita, wazungu waliotoka mbali kiasi hicho wakiwa na vitanda vyao wenyewe lazima walikuwa kioja cha mwaka.

Huko Marekani tela lilikuwa limeshazaa kero yake. Tela refu huyumba upepo ukivuma au lori likilipita, na mkia ukianza kutikisa kichwa, dereva mgeni hukanyaga breki, jambo ambalo huweza kuzidisha mchezo. Kulirudisha nyuma ni elimu ya pekee: usukani ukizungushwa kulia, tela huelekea kushoto. Kambini, mume hurudisha na mke hupunga mikono nyuma, au kinyume chake, na majirani huvuta viti vyao ili watazame. Tena tela zito hudai gari lenye nguvu, kwa hiyo aliyeongeza futi 4 za tela mara nyingi hujikuta amenunua na pikapu mpya. Gharama hiyo ya pili wauzaji huwa hawaitaji mapema.

Jibu moja lilikuwa kuondoa kuvuta kabisa. Wengine walipakia kibanda cha kulala mgongoni mwa pikapu, kama alivyofanya mwandishi John Steinbeck mwaka 1960 alipozunguka nchi na mbwa wake. Ray Frank wa Michigan alikwenda mbali zaidi: mwaka 1958 alijenga nyumba nzima juu ya fremu ya lori la Dodge, na miaka michache baadaye akawa anaziuza. Zilikuwa ghali. Aliyezishusha hadi kwa watu wa kipato cha kati ni John Hanson, mfanyabiashara wa fanicha na mazishi katika mji mdogo wa Forest City, Iowa. Kampuni yake, Winnebago, ilianza na matela, na mwaka 1966 ikatoa magari yenye injini kwa takriban nusu ya bei ya washindani. Siri ilikuwa ukuta: povu lililobanwa kati ya bati la alumini na ubao mwembamba, jepesi na rahisi kukatwa kwa mashine. Jina la kampuni likaenea hata watu wakaliita kila gari la namna hiyo Winnebago, kama mabasi ya Coaster yanavyoitwa Coaster hata yakitengenezwa na wengine.

Barabara nazo zilikuwa zimeandaliwa. Sheria ya 1956 ilianzisha mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo, na mwaka 1962 huko Billings, Montana, ilifunguliwa kambi ya kwanza ya mtandao wa KOA, iliyotoza dola 1.75 kwa usiku. Msafiri aliyekuwa akiomba ruhusa kwa mkulima sasa alipata maji, umeme na mahali pa kumwaga uchafu.

Uchafu huo, kwa kweli, ndio unaotenganisha walioko chini ya ngazi na walioko katikati yake. Choo cha ndani ndicho sababu ya wengi kuhama kutoka kwenye turubai, na siku ya kuondoka kambini huja na malipo yake. Mwenye gari huvaa glovu, huunganisha mpira mnene kwenye shimo la maji taka na kufungua vali ya tangi la choo kwanza. La maji ya sabuni hufuata baadaye, ili yasuuze mpira. Kila mmoja hujifunza utaratibu huo, na anayeukosea huukosea mara moja tu.

Nyumba yenye injini nayo ina ila yake. Ikishaegeshwa, umeme na maji vikaunganishwa, mtu akikosa maziwa hulazimika kwenda dukani na nyumba nzima. Ndiyo maana gari la futi 35 huonekana likivuta nyuma yake kigari kidogo, na aliyekimbia tela akajikuta anavuta tena. Baadhi hurejea kwenye kuvuta kwa njia nyingine: tela linaloegemea sehemu ya mizigo ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kwa kiungo kama cha semi-tela la mizigo. Haliyumbi kama tela la kawaida, na chumba chake cha kulala hupanda juu ya pikapu. Uzito wake ni tani 5 hadi 8, na wastaafu wanaohama kabisa kutoka nyumba ya matofali hulipenda.

Kileleni kuna basi la dizeli lenye injini nyuma, la futi 40 hadi 45 na uzito wa tani 15 au zaidi, linalokwenda kilomita 3 au 4 kwa lita. Kuanzia 1990, kampuni ya Newmar ya Indiana ilipoweka kwenye magari yake kuta zinazosukumwa nje kwa mota, sebule iliweza kupanuka kila linapoegeshwa. Ghafla futi 2 zikapatikana ubavuni, na gari la mwaka uliopita likaonekana ujia mwembamba.

Mtu hupandaje ngazi hii kifedha? Mara nyingi kwa kutoa la zamani na kuongeza pesa juu, na hapo ndipo kuna mtego. Chombo kipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani katika miaka ya mwanzo, ilhali mkopo wake huweza kulipwa kwa miaka 15 hadi 20. Anayebadilisha mapema huwa anadaiwa zaidi ya bei ya gari lake, na deni lililobaki huviringishwa ndani ya mkopo mpya. Wakongwe huwashauri wageni wanunue lililotumika na kulala humo msimu mzima kabla ya kuamua. Wageni husikiliza kwa adabu, kisha huenda kwenye maonyesho.

Kwa kuwa watu hununua haya kwa mikopo na kuyaendesha kwa mafuta, biashara huanguka kila uchumi unapopiga chafya. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulifunga viwanda vingi. Mwaka 2006 viwanda vilitoa vyombo 390,500. Mwaka 2009 vilitoa 165,700, na katika kaunti ya Elkhart, Indiana, ambako sehemu kubwa ya vyombo hivi huundwa, ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 20. Janga la Korona likageuza kibao: mwaka 2021 vilitolewa 600,240, rekodi ya wakati wote, vingi vikinunuliwa na watu ambao hawakuwahi kulala hata kwenye hema. Walirukia katikati ya ngazi. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi 313,174, na viwanja vya wauzaji vikajaa magari yaliyotumika msimu mmoja au miwili.

Kushuka ngazi huja kwa sababu ndogondogo. Kupanda juu ya paa kuziba nyufa kunakuwa kazi, macho hayapendi tena usiku, mwenza mmoja hufariki na aliyebaki hakuwahi kuendesha basi lile. Wengi huchukua gari la umbo la kipanya, lenye kitanda, jiko la moto mmoja na choo cha kubana magoti. Mtindo huo una mizizi katika Volkswagen zilizopangwa ndani na kampuni ya Westfalia huko Ujerumani tangu 1951, na ulipata nguvu mpya Marekani magari marefu ya Sprinter yalipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengine huacha barabara. Hununua kibanda kisichozidi futi 400 za mraba katika bustani ya wastaafu Florida au Arizona, kilichoundwa kiwandani kwa sheria zinazokihesabu bado kuwa chombo cha likizo. Kina kibaraza na maua mbele. Magurudumu yapo chini yake, yamezungushiwa ubao ili yasionekane.