Ngoma Ina Wenyewe
Juma hili, ndugu msomaji, twende Alaska. Huko Watlingit wana ngoma ya sanduku la mwerezi, yenye mchoro wa kunguru, tai au nyangumi. Mchoro huo si urembo. Ni hati ya ukoo, na mtoto huurithi kwa mama yake. Ukoo mwingine hauutumii bila ruhusa. Mwaka 1882 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipiga mizinga kijiji cha Angoon na kuchoma nyumba za koo. Liliomba radhi mwaka 2024. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayataka majumba ya makumbusho yawarudishie wenyeji vitu vyao vitakatifu. Kwa maoni yangu, radhi ni mwanzo tu. Aliyechukua ngoma airudishe, maana ngoma bila wenyewe ni sanduku.