Msumeno na Daftari: Marafiki na Mafunzo ya Kazi Tangu Kaimosi



Katika jubilei hii tunawashukuru walioleta Injili kwetu. Kabla ya sadaka ya leo kukusanywa, tumeona vyema tukumbuke pia jambo jingine walilokuja nalo, yaani mafunzo ya kazi.

Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kisumu kwa reli iliyokuwa mpya, wakatafuta mahali pa kuanzia kazi. Mwezi Agosti walikaa Kaimosi. Misheni yao iliitwa Friends Africa Industrial Mission, na jina hilo lenyewe lilitaja kazi ya ufundi. Nia yao ilikuwa muumini apate neno la Mungu na ujuzi wa kumlisha, na kituo chenyewe kijitegemee. Nyuma yao walikuwako washirika wa kawaida huko Marekani, waliochanga fedha kwa ajili ya watu ambao wasingewaona kamwe.

Kaimosi ilikuwa na msitu na mto. Wamisionari wakajenga mtambo wa kupasua mbao ulioendeshwa kwa nguvu za maji. Vijana wa hapa wakajifunza kupasua mbao, useremala, kuchoma matofali na kujenga.

Hata hivyo, si kila mtu alifurahia elimu ya namna hiyo. Wazee wetu wengi walitaka kusoma na kuandika kwanza. Wakati wa ukoloni walikuwa na sababu ya kushuku, kwa maana mara nyingi Mwafrika alifundishwa kazi ya mikono ili awe kibarua mwenye ujuzi katika kazi ya mtu mwingine. Fundi aliyepewa msumeno bila daftari la hesabu alijua kutengeneza meza, lakini hakujua kama ameiuza kwa faida. Tukiwasikia wazazi leo wakisema ufundi ni wa walioshindwa na masomo, tujue dharau hiyo ina mizizi mirefu.

Baada ya uhuru, makanisa yaliliangalia jambo hili upya. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilishiriki kutoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda. Kutokana na fikira hizo zikazaliwa politekniki za vijiji. Mwaka 1969 David Scull, Rafiki mfanyabiashara wa Marekani, alianzisha shirika la Partnership for Productivity, ambalo lilianza kazi huku Magharibi mwa Kenya. Shirika hilo lilimwendea mwenye duka na fundi mdogo pale pale alipo, likamshauri namna ya kuweka hesabu na kuendesha biashara, na likasaidia kwa mikopo midogo. Hapo daftari likaanza kuufuata msumeno.

Sisi wanakwaya tumejifunza hivi: cheti peke yake hakimfikishi kijana mbali. Kijana anahitaji ujuzi, kifaa cha kuanzia, na mtu wa kumtembelea miezi ya kwanza ili wahesabu pamoja kilichoingia na kilichotoka. Tunao katika kanisa letu vijana waliohitimu ushonaji, uchomeleaji na useremala, lakini wamekaa nyumbani kwa kukosa cherehani au randa.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba fungu moja la sadaka ya jubilei litanunua vifaa vya kazi. Tunawaomba pia akina mama na akina baba wenye biashara wajitolee, kila mmoja amshike mkono kijana mmoja kwa mwaka mmoja. Daftari la kuandika majina liko mezani kwa katibu, karibu na mlango.

Zamani waliojitolea walivuka bahari. Safari hii ni kutoka benchi moja hadi jingine.