Joto la mama baada ya oparesheni: kisa cha Kahura, 1879 (Sehemu ya 4)



Wengi wanadhani oparesheni ya kujifungua ililetwa huku na wazungu. Sikilizeni hii.

Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Ni majirani zetu wa kaskazini: lugha yao ni ndugu wa Kihaya, na migomba wanayo kama sisi. Alimwona mganga wa huko akimfanyia oparesheni binti wa miaka kama 20, mimba ya kwanza. Dawa ya usingizi ilikuwa pombe ya ndizi. Pombe hiyo hiyo mganga alinawia mikono na kusafishia tumbo. Kidonda kilibanwa kwa vipini 7 vya chuma, kikapakwa dawa ya mizizi, juu yake jani la mgomba lililopashwa moto, kisha kikafungwa kwa lubugo, nguo ya gome la mti.

Mimi kama nesi kilichonishika ni hiki: Felkin alipima joto la yule mama siku baada ya siku. Halikuzidi nyuzi 37.6, isipokuwa usiku wa pili lilipofika 38.3. Kidonda kiliangaliwa, vipini vikatolewa kidogo kidogo, na siku ya 11 kilikuwa kimefunga. Mama alipona na mtoto pia. Ulaya ya wakati huo, wengi waliofanyiwa oparesheni hii walikufa.

Leo majani na mizizi hatuweki kidondani jamani, tunaleta vijidudu. Ila kuangalia joto bado ndiyo kazi yetu.

Saa za kwanza, adui ni baridi. Sindano ya mgongoni inafanya mwili upoteze joto, ndiyo maana mama anatetemeka. Ndugu, leteni blanketi, soksi na kanga kavu, iliyolowa itolewe. Chupa ya maji ya moto miguuni hapana! Ganzi haijaisha, ataungua bila kujua.

Siku zinazofuata, adui ni homa. Hapa ndipo tunapoteza mama. Karuhusiwa, yuko nyumbani, mwili unachemka, mama mkwe anasema "ni malaria tu" au "ni maziwa yanaingia," anatumwa mtoto duka la dawa. Siku 3 zinapita, kidonda kimeoza ndani.

Ukiwa na nyuzi 38 au zaidi, au unatetemeka, kidonda kinatoa usaha, au uchafu wa uzazi unanuka, usisubiri kesho. Rudi hospitali: Bukoba mjini, Rubya, Kagondo, Ndolage, popote palipo karibu. Huna kipimajoto? Kuhisi mwili unawaka kunatosha kukuondoa nyumbani.

Yule binti wa Kahura alikuwa na mtu wa kumwangalia hata usiku wa pili. Na wewe uwe naye.

Sehemu ya 5: joto la kichanga.