Vitambuzi vya mwanga vyafichua kifua kikuu migodini

KIFUA kikuu ni miongoni mwa maradhi yanayowaandama wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Vumbi la mawe linalotimka ndani ya maduara na kwenye makarasha lina chembe za silika, ambazo hujeruhi mapafu na kuyapunguzia uwezo wa kupambana na vimelea vya ugonjwa huo.

Kwa miaka mingi kipimo kilichotegemewa kilikuwa hadubini, ambayo huona vimelea pale tu vinapofikia takriban 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Kuviotesha maabara huchukua wiki kadhaa, na mchimbaji hasubiri: ikisikika rashi Nyarugusu au Mwakitolyo, amekwishahama.

Ndipo ulipo umuhimu wa mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza itumike Desemba 2010. Mashine hiyo hurudufisha vinasaba vya kimelea, kisha huvisaka kwa vitambuzi vilivyobuniwa Marekani na Sanjay Tyagi na Fred Kramer, waliovitangaza mwaka 1996. Kitambuzi ni kipande kifupi cha kinasaba kilichojikunja mfano wa kibanio cha nywele. Ncha moja imebeba rangi ing'aayo, nyingine imebeba kemikali inayouzima mwanga huo. Kikikutana na kinasaba kinacholandana nacho hujinyoosha, ncha zikaachana, rangi ikawaka na mashine ikausoma mwanga.

Toleo la kwanza lilikuwa na vitambuzi 5, vilivyogawana sehemu ya jeni ambako usugu dhidi ya dawa ya rifampisini hujitokeza. Kimoja kisipowaka huku vingine vikiwaka, ilikuwa ishara kwamba kinasaba kimebadilika na dawa hiyo huenda isimsaidie mgonjwa. Toleo la Ultra, lililopendekezwa mwaka 2017, hunasa hata vimelea vichache zaidi. Majibu hupatikana ndani ya saa 2.

Hata hivyo, mashine husoma kinasaba bila kujua kama kimelea ki hai au kimekufa, hivyo aliyewahi kutibiwa anaweza kuonekana bado anaugua. Wala haioni vumbi. Mchimbaji anayekohoa na kuambiwa hana kifua kikuu anaweza kuwa na ugonjwa wa silika, usio na tiba ya kuuponya, ambao hutambuliwa kwa picha ya eksirei na kwa daktari kuelezwa mgonjwa amefanya kazi gani, na kwa miaka mingapi.