Nidhamu ya Ubatizo na Meza ya Bwana: Wabaptisti wa Jadi na Wakatoliki

Hapa Kunduchi walitufikia vijana wawili waliotaka kufunga ndoa. Mmoja amelelewa na Wabaptisti wenye kushika sana mapokeo yao, mwenzake ni Mkatoliki. Walituomba tuwafungishe sisi kwa sababu, walisema, kwa Walutheri mambo ni mepesi. Maneno hayo yalituchoma. Yalitusukuma pia kuichunguza historia ya makanisa yao, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mbali sana.

Tuanze na Wabaptisti. Huko London mwaka 1681, William Kiffin alitetea kwamba asiyebatizwa baada ya kuikiri imani yake mwenyewe asikaribishwe kwenye Meza ya Bwana. John Bunyan, mwandishi wa Safari ya Msafiri, alikuwa amekwisha kuandika kinyume cha mafundisho ya namna hiyo mwaka 1673. Wabaptisti wa msimamo mkali walibaki upande wa Kiffin. Kwao mafundisho na ungamo hutangulia, maji hufuata, ndipo Meza. Wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani walipoingia Tanganyika mwaka 1956, walileta ubatizo huo wa waaminio, wa kuzamishwa majini.

Kwa Wakatoliki hatuna haja ya kwenda mbali. Barabara ipitayo Kunduchi huelekea Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868. Kwa wamisionari waliokwenda bara, Askofu Mkuu Charles Lavigerie aliagiza mwaka 1879 kwamba mtu mzima apite miaka minne ya maandalizi kabla ya kubatizwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamuru ukatekumeni wa hatua kwa hatua urejeshwe katika Kanisa lao.

Tofauti zao hatuzifichi. Mkatoliki humbatiza mtoto mchanga. Mbaptisti hauhesabu ubatizo huo. Mkatoliki hukiri sakramenti. Mbaptisti husema ni agizo na ukumbusho. Hata hivyo wote wawili wanafundisha kwamba Meza haitengani na ushirika wa kanisa linaloonekana. Wote humfunza mtu mzima kabla ya kumbatiza, na humzuia mezani aishiye hadharani katika dhambi asiyotaka kuitubu. Kinachofanana ni uzito wanaoupa mwili wa Kristo, ingawa wanaueleza kwa njia mbalimbali.

Na sisi je? Martin Luther, katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliagiza kwamba anayekataa kujifunza asipokelewe kwenye Sakramenti. Basi wepesi tunaosifiwa nao hatukuupokea kwake. Neema ni bure, lakini haikutolewa ili tuache kufundisha. Kipaimara kikigeuka kuwa sherehe ya nguo mpya na picha, tutakuwa tumewapa watoto wetu cheti mahali pa imani.

Vijana wale hatukuwafukuza, wala hatukuwafungisha ndoa upesi. Tuliwaomba warudi kwanza kwa wazazi na wachungaji wao, kisha tuketi pamoja. Hata sasa wanaendelea kuja. Tunapowafundisha, tunajifunza kwamba nyumba isiyo na kizingiti haimheshimu mgeni wala mwenyeji.