Mlamimea ni Nani?

Mwambie mwalimu wa chekechea, "Mwanangu hali nyama," naye atakuitikia vizuri kabisa, na mchana mtoto atawekewa kuku. Hakuna aliyekosea. Mezani kwetu nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa hata hawahesabiwi. Ukirudi kueleza kwamba kuku naye hapana, utajibiwa, "Basi tutampa mchuzi tu, finyango tunaziondoa." Nyumbani bibi yake ataongeza yai la kuchemsha, kwani yai si nyama, na kikombe cha maziwa, kwani mtoto asiyekunywa maziwa atakonda. Wazazi walioamua kulisha familia kwa vyakula vya mimea pekee hukutana na tatizo la lugha kabla hawajafika kwenye tatizo la lishe: hawana neno moja la kumpa mwalimu, dada wa kazi au shangazi, likaeleweka lote kwa mara moja.

Waingereza nao hawakuwa nalo hadi Novemba 1944. Chama cha watu wasiokula nyama kilikuwapo nchini mwao tangu 1847, lakini wengi wa wanachama walikunywa maziwa, wakala mayai na jibini. Donald Watson, mwalimu wa useremala, na wenzake wachache walitaka kuviacha hivyo pia. Waliomba nafasi ndani ya chama cha zamani wakakataliwa, wakaanzisha chao. Jina walilipata kwa mkasi: walichukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno la Kiingereza lililotumika kwa wasiokula nyama, katikati wakapatupa. Ndivyo lilivyozaliwa neno "vegan". Baadaye fasili yake ilitanuka, ikavuka sahani na kuingia kabatini: ngozi, sufu na hariri, pamoja na bidhaa zilizojaribiwa kwa wanyama.

Kiswahili hakiwezi kufanya ujanja ule wa mkasi. "Mla mboga" ukilikata katikati, ukabakiza kichwa na mkia, hutapata neno. Isitoshe, hilo "mla mboga" lenyewe lina mashaka yake. Tanzania mtu akiuliza, "Leo mboga nini?" anaweza kujibiwa "nyama" au "samaki", na haoni ajabu yoyote, maana mboga ni kile kinacholiwa pamoja na ugali au wali, kiwe kimeota au kimevuliwa. Ndiyo sababu tunalazimika kusema "mboga za majani" tunapotaka mchicha. Kenya hali ni nyepesi kidogo: mama mboga wa Nairobi anauza sukuma wiki, kabeji na nyanya, na hakuna atakayemwendea kutafuta mbavu. Lakini hata huko jina limeshachukuliwa. Mombasa na Nairobi, kama ilivyo Dar es Salaam, kuna Wahindu na Wajaini wengi ambao hawagusi nyama lakini samli, mtindi na maziwa havikosekani jikoni mwao. Hao ndio walaji mboga tuliowazoea. Mtoto asiyepewa maziwa ukimwita mla mboga, atapikiwa chapati za samli kwa moyo mweupe.

Wahabeshi wamelivuka jambo hili kwa njia nyingine. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia wana siku nyingi za mfungo katika mwaka ambamo nyama, mayai na maziwa vyote haviliwi, kwa hiyo ukiomba chakula cha mfungo kwenye mgahawa wao, mpishi anajua la kufanya bila kuulizwa maswali. Sisi neno mfungo tumeshalipa kazi nyingine, na futari yetu ina nafasi kubwa kwa sambusa za nyama.

Ipo njia ya kueleza badala ya kutaja: "asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama." Fasili hii inapendeza kwenye karatasi. Shida ni kwamba mwalimu wa biolojia na muuza samaki hawamaanishi kitu kimoja wanaposema mnyama. Kwa mwalimu, nyuki ni mnyama, na pweza pia. Kwa muuza samaki, mnyama ana miguu minne na anatembea nchi kavu. Kuku ni ndege, pweza yumo baharini, nyuki ni mdudu. Fasili inayomtegemea mnyama inavuja, na inavujia palepale tunapotaka iwe imara: kwenye dagaa, yai na asali.

Kwa hiyo mimi naunga mkono wanaoanzia upande wa pili, yaani kutaja kinacholiwa, si kisicholiwa. Kinacholiwa ni kile kilichomea. Mlamimea, walamimea, ulamimea. Najua pingamizi zake. Ya kwanza ni kwamba vitabu vya sayansi vinazungumzia wanyama walao mimea, na mtu anaweza kudhani tunamsema swala. Hiyo hainisumbui, hakuna mwalimu wa chekechea atakayempeleka mtoto malishoni. Ya pili ni nzito zaidi: maneno yetu yaliyoungwa kwa "mla" yana sifa mbaya. Tuna mlariba, tuna mlarushwa, na katika hadithi za watoto tuna zimwi mla watu. Mlamimea atakuwa mtu mwema wa kwanza katika ukoo huo. Na avumilie.

Ukitaka kusisitiza, sema "mimea pekee", usiseme "mimea mitupu". Neno "tupu" likikaa karibu na chakula hunuka ufukara: ugali mtupu ni ugali wa siku ambayo mboga imekosekana. Bibi akisikia mjukuu wake anakula mimea mitupu, atafunga safari kuja kumchukua. "Vigani", kwa mkopo, linaweza kubaki kwa wale wanaofuata msimamo wote wa akina Watson, viatu na mikoba ikiwemo. Mtoto wa miaka mitatu hana msimamo juu ya mikoba. Ana sahani, na sahani ndiyo inayohitaji jina.

Sahani yenyewe, ukiitazama, haina ugeni mkubwa. Mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, maharage ya nazi, makande, muhogo wa kuchemsha, magimbi, choroko, njugu mawe: hivi vyote vililiwa kabla Watson hajashika mkasi wake. Jiko la mlamimea wa Pwani lina mbuzi mmoja tu, ambaye ni kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Nazi iliyokunwa inakamuliwa kwa maji kidogo ya vuguvugu kupata tui zito, kisha machicha yanarudiwa kwa maji mengi zaidi kupata jepesi. Mbaazi zilizokwisha kuiva huchemkia ndani ya tui jepesi kwanza, pamoja na kitunguu na bizari. Lile zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, mwiko ukizunguka taratibu lisije likakatika. Mtoto akilipata hilo na kipande cha hamri haulizi nyama iko wapi.

Kazi ni kuvijua vilivyojificha. Unga wa lishe uliosagwa tayari huweza kuwa na dagaa au maziwa ya unga ndani yake. Vidonge vya kuungia mchuzi hutiwa ladha ya ng'ombe au kuku. Vileja vina samli. Mahamri ya jirani yanaweza kuwa yamekandwa kwa tui au kwa maziwa, na hutajua mpaka uulize.

Halafu kuna jambo moja ambalo mapishi hayawezi kulitatua, hata mpishi awe hodari namna gani. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria. Tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa, na hakuna mmea wa kutegemewa kwa ajili yake. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu hupungukiwa damu, neva zake huumia, na anaweza hata kusahau alichokwisha kujifunza, kama kukaa au kutembea. Mtoto mlamimea lazima apewe B12 kwa dawa ya nyongeza au kwa vyakula vilivyorutubishwa, kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe au daktari. Mzazi anayesema mchicha unatosha anajidanganya, na anayelipa gharama ni mtoto.

Mengine yanapikika. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani huingia mwilini vizuri zaidi yakifuatana na chungwa au ndimu, na hupungua yakifuatana na chai, kwa hiyo chai isubiri. Maharage yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe. Soya ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe sawasawa. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza upesi bila kumpa nguvu ya kutosha. Ukoroge na siagi ya karanga au tui, au umpe parachichi pembeni. Karanga nzima zisubiri mpaka avuke miaka mitano, maana zinapalia.

Kuhusu maziwa, hapa lugha yetu imewatangulia wengine. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vinywaji vya mimea, kikiwemo cha soya, visiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa vichache vilivyozoeleka, kama maziwa ya nazi. Mswahili hakuwahi kuiita nazi ng'ombe. Kilichokamuliwa kwenye nazi ni tui, basi. Sioni sababu ya kuandika "maziwa ya soya" au "maziwa ya lozi" wakati "tui la soya" na "tui la lozi" yanasema kitu kilekile bila kumdanganya mnunuzi, na bila kumfanya bibi aamini kwamba maziwa hatimaye yamenunuliwa.

Linabaki swali la mtoto mchanga. Miezi sita ya mwanzo hali mmea wowote. Ananyonya tu, na Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kwa herufi, basi, si mlamimea. Wafuasi wa Watson hawaoni tatizo hapo, kwa kuwa mama anatoa maziwa yake kwa hiari, na Kiswahili cha sokoni kinawaunga mkono kwa sababu yake chenyewe: mama si mnyama. Ila mama huyo akiwa mlamimea naye, anahitaji B12 yake tangu ujauzito, kwa sababu akiba anayozaliwa nayo mtoto na maziwa anayonyonya vyote vinatoka kwake.